Maswali ya Wasomaji: Mabodigadi wa Katuni

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 8 anapenda katuni ya mabodigadi wanaomlinda mtoto wa tajiri. Wanaanguka kutoka ghorofani na kuinuka wazima, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Anguko linachekesha kwa nini? Mama wa Magomeni, Bagamoyo.

JIBU: Mama, kicheko hicho hupangwa kwa hesabu. Sekunde moja ya filamu huwa na picha 24, na mchoraji akimwacha mlinzi aning'inie hewani kwa picha 12, yaani nusu sekunde tu, macho yamemtoka na tai imesimama wima, mtazamaji hupata nafasi ya kuliona anguko kabla halijatokea, na hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Tena, mbabe wa miraba minne huokolewa na mtoto yuleyule ambaye mlinzi huyo amelipwa kumlinda, jambo ambalo watoto hulifurahia mno.

Hata hivyo, mweleze kwamba mlinzi wa kweli hukagua njia na milango mapema, na hatari ikitokea humwondoa mteja wake haraka badala ya kubaki akipigana. Siku nyingine simamisheni picha mlinzi akiwa hewani, mzitazame pamoja moja baada ya nyingine.