Inua bawa la tandiko kabla hujapanda

Siku niliyoanguka vibaya kuliko zote, farasi hakuwa na kosa lolote. Tulikuwa kwenye mbio za polepole, tumeingia kona, nikasikia kitu kikichanika chini ya paja langu la kushoto, sauti kama ya shati kuukuu. Kufumba na kufumbua tandiko likateleza pamoja nami, nikatua kwa bega. Farasi akasimama hatua chache mbele, anatweta, tandiko liko miguuni pake. Mwalimu wangu alikuja, akahakikisha mkono wangu unanyanyuka, kisha akaliokota lile tandiko, akainua bawa lake na kuniambia, "Njoo utazame hapa." Nilikuwa nimepanda farasi zaidi ya mwaka mzima, na sikuwahi kutazama hapo hata siku moja.

Wanaoanza kupanda kwa mtindo wa Kiingereza wengi wetu tulionyeshwa picha ya tandiko yenye mishale na majina, tukakariri, tukaenda zetu. Majina yana faida yake. Ila vipande vinavyokushika usianguke viko chini ya ngozi au nyuma ya bizimu, na picha haivionyeshi. Vijue kwa vidole vyako.

Sehemu ya tandiko inayoonekana ni kikalio, upinde wa mbele unaopita juu ya kinundu cha mabega ya farasi, ukingo wa nyuma ulioinuka, na mabawa mawili ya ngozi yanayoning'inia ubavuni, ambako miguu yetu hulala. Sasa inua bawa. Utakuta mikanda mitatu mifupi yenye matundu. Hiyo ndiyo inayofungwa kwenye bizimu za mshipi wa tumbo, ule unaopita chini ya tumbo la farasi. Bizimu ni mbili kila upande, mikanda ni mitatu, na wengi hudhani wa tatu ni wa akiba tu. Sivyo. Katika matandiko mengi mkanda wa kwanza umeshonwa kwenye utepe wake peke yake, utepe mnene uliopitishwa juu ya kiunzi cha tandiko, ilhali wa pili na wa tatu inashiriki utepe mmoja. Ukifunga wa kwanza na wa pili, au wa kwanza na wa tatu, umetegemea tepe mbili: mmoja ukikatika, mwingine unakushika hadi umsimamishe farasi. Ukifunga wa pili na wa tatu, umetegemea utepe mmoja tu.

Mimi nilikuwa nimefunga wa pili na wa tatu, kwa sababu matundu yake yalikuwa laini na bizimu ziliingia upesi. Utepe ule ulikuwa umelowa jasho na kukauka kwa miaka, ukaoza taratibu mahali pasipoonekana. Mwalimu aliuvuta kwa vidole viwili tu, nyuzi zikaachana mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, vuta kila mkanda kwa nguvu kuelekea chini, tazama mshono wake wa juu, na tazama matundu kama hayajarefuka au kupasuka. Hiyo ni kazi ya nusu dakika. Mshipi wenyewe ukaze kwa awamu: kidogo ukiwa chini, tena baada ya kumtembeza hatua kadhaa, na mara ya tatu ukishakaa juu, maana farasi wengi hujaza kifua wanapofungwa na baadaye mshipi hulegea. Ukimaliza, shika miguu yake ya mbele mmoja mmoja, uivute mbele polepole, ngozi iliyokunjamana nyuma ya kwapa ijinyooshe isije ikachubuka.

Juu kidogo ya mikanda hiyo, chini ya kifuniko kidogo cha ngozi karibu na upinde wa mbele, kuna kiango cha chuma ambapo huning'inia ukanda wa kikuku, yaani kile chuma cha kukanyagia mguu. Mwisho wa kiango, kwa nyuma, mara nyingi pana kilimi kinachoweza kuinuliwa au kulazwa. Kilaze, na ukiache hivyo. Ukianguka mguu ukanasa kwenye kikuku, ukanda huvutwa kwa nyuma na kuchomoka, nawe ukabaki chini badala ya kuburutwa. Nimewaona watu wazima, wapandaji wazoefu, wakikiinua ili wasipoteze vikuku, na huwa nawaomba wakishushe. Kikuku kilichopotea kinatafutwa.

Upana wa kikuku nao una hesabu yake. Pawe na nafasi ya kama sentimita moja na ushee kila upande wa kiatu. Kikibana, mguu hauchomoki. Kikiwa kipana mno, mguu mzima hupenya ukanasa kwenye kifundo, na ndiyo maana kiatu cha kupandia lazima kiwe na kisigino. Kupata urefu wa kuanzia, weka ncha za vidole kwenye kiango na uvute kikuku kuelekea kwapani: kikifika kwapa, uko karibu na kipimo chako.

Hayo yanamhusu mpandaji. Farasi ana yake, na yeye hawezi kuyasema. Ndani ya tandiko kuna kiunzi, cha mbao au cha plastiki ngumu, kinachoamua kama tandiko litamfaa. Chini yake kuna mito miwili iliyojazwa sufu au sponji, na katikati ya mito kuna mfereji. Uti wa mgongo upite ndani ya mfereji huo bila kuguswa, toka mbele hadi nyuma. Ukishakaa juu, vidole viwili au vitatu viingie kati ya upinde wa mbele na kinundu cha mabega. Tandiko likae nyuma ya mfupa wa bega ili mguu uende mbele kwa uhuru, na lisivuke ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Baada ya ule wa mwisho hakuna kitu cha kubeba uzito wako. Upapase kwa kidole, usikisie.

Ukinunua tandiko lililotumika, ambalo ndilo wengi wetu tunaloliweza, weka upinde wa mbele kwenye paja lako na uvute ukingo wa nyuma kuja kwako. Viunzi vingi vina vyuma vya springi, vitanesa kidogo na kurudi. Kilichovunjika hukwaruza, au upande mmoja hulegea kuliko mwenzake, au ngozi ya kikalio hujikunja mkunjo mkali. Likionyesha hivyo liache, hata kama ngozi yake inang'aa namna gani.

Kuhusu aina, sitakaa sana. Tandiko la kuruka vizuizi lina mabawa yaliyosogea mbele, kwa kuwa goti hupanda juu. Namna hiyo ya kukaa ilienezwa na afisa wa Italia Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907. La mafunzo ya mwendo lina mabawa marefu yaliyonyooka, na la matumizi yote liko katikati. Anayeanza aanze na hilo la katikati.

Hatamu ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu. Watu husema hatamu wakimaanisha kamba za mkononi. Mimi hapa namaanisha kivazi chote cha kichwani, na zile za mkononi naziita vigwe. Nilipewa farasi wa kahawia ambaye kila akivishwa hatamu alitikisa kichwa, akajisugua kwenye mlango wa banda, na tukianza kwenda akawa anavuta vigwe mkononi mwangu. Niliambiwa ni mkaidi, nikaamini, nikamshika kwa mkono mgumu zaidi. Wiki ya tatu, nikimvua, niliona mstari mwekundu nyuma ya sikio lake, manyoya yamekatika. Mkanda wa paji ulikuwa mfupi. Ulikuwa unavuta mkanda wa utosi, ule unaopita nyuma ya masikio, kuja mbele, ukamkata kwenye shina la masikio kila alipoinama. Tulibadilisha kile kipande kimoja. Kesho yake aliteremsha kichwa mwenyewe nimvishe. Niliona aibu, na nikamwomba radhi kwa sauti, hapo bandani.

Tangu siku hiyo napima kila mkanda kwa mkono wangu. Paji: kidole kimoja kipite kwa raha chini yake. Koo: ngumi iliyosimama ienee kati ya mkanda na shavu, maana farasi anapokunja shingo koo hupanuka. Pua: vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua, si pembeni kwenye nyama ambako daima pana nafasi. Mkanda wa pua ukikazwa zaidi ya hapo unamziba mdomo asitafune wala asimeze mate, na mpandaji akaona kimya hicho akadhani ni utii. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Mikanda miwili ya mashavu hushikilia lijamu, kile chuma kinachokaa mdomoni mwa farasi. Lijamu haikai kwenye meno. Hulala kwenye ufizi mtupu, pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego. Refusha au fupisha mikanda ya mashavu hadi pembe za mdomo zionyeshe mkunjo mmoja au miwili midogo, pande zote sawa. Kwa upana, ibaki kama nusu sentimita kila upande kati ya mdomo na pete. Anayejifunza inamtosha lijamu ya kawaida ya pete mbili, yenye kiungo kimoja au viwili katikati. Zile zenye wenzo na mnyororo wa kidevu huzidisha nguvu ya mkono wako, kwa hiyo zisubiri hadi mkono umetulia.

Pale vigwe vinapozunguka pete za lijamu, ngozi hukunjwa, na ni hapo hupasuka kwanza. Fungua, ikunjue kwa nje, tafuta nyufa ndogo. Kila baada ya kupanda futa jasho kwa kitambaa kibichi na sabuni ya ngozi, na kama imelowa iache ikauke kivulini, mbali na moto na jua, ndipo upake mafuta kidogo. Usiloweke ngozi kwenye maji ya moto.

Mara moja kwa wiki mimi hufungua hatamu yote hadi inakuwa rundo la mikanda mezani, nikaisafisha, kisha nikaiunganisha upya bila kutazama picha. Fanya hivyo mara tatu tu na majina yatakaa yenyewe. Anza na mkanda wa paji na mkanda wa utosi, malizia na vigwe. Ukibakiwa na mkanda mwembamba mrefu uliounganika na mkanda wa pua, usitafute bizimu yake kwenye lijamu: huo unajitegemea, unapita chini ya mkanda wa utosi na ndani ya vitanzi vya mkanda wa paji, na hufungwa shavu la kushoto.