MBA ukiwa Lubumbashi: angalia kwanza barabara ya Kasumbalesa

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja wa Katuba alikuja nyumbani na orodha ya shule kumi na moja za MBA, yaani masta ya uongozi wa biashara, ndani ya simu. Paris, Casablanca, Nairobi, Johannesburg, moja ya Dubai, nyingine za mtandaoni tu. "Yaya, nichagulie," akasema. (Kwetu Lubumbashi yaya ni dada au kaka mkubwa, si mlezi wa watoto.) Nilimwomba aweke simu mezani kwanza. Nilichotaka kujua hakikuwemo ndani ya orodha ile: ukimaliza, unataka kufanya kazi na nani?

Alikaa kimya. Sikumlaumu, maana mimi pia, nilipoanza kutafuta shule, hakuna aliyeniuliza hivyo, na nilipoteza dola 1,800.

Nilikuwa msimamizi wa manunuzi katika kampuni ndogo inayopeleka vipuri migodini. Nilikuwa na lisansi (shahada) ya uchumi ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na nilikuwa nimechoka kuona mikataba mikubwa inaandikwa na wengine halafu sisi tunaletewa kutia sahihi. Nikaona tangazo la shule ya mtandaoni: MBA kwa miezi 6, hakuna mtihani wa kuingia, hakuna anayeuliza umefanya kazi miaka mingapi. Chini ya ukurasa wao kulikuwa na nembo nne za ithibati, zinang'aa. Nililipa awamu mbili. Fedha ile ilikuwa zamu yangu ya likelemba, mchango wa kupokezana, na wamama wa mtaa, zamu niliyoingoja mwaka mzima. Nilipoomba kazi kwingine, yule aliyekuwa akikagua vyeti aliitafuta shule yangu katika orodha ya vyuo vya nchi iliyodai kuwa inatoka. Haikuwemo. Nembo zile nne hakuna wizara yoyote iliyozitambua. Miaka imepita, lakini nikipita mbele ya nyumba ya mama aliyekuwa akitunza daftari la likelemba, bado naumia.

Kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu ithibati kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wanaibiwa.

Neno MBA si mali ya mtu. Hata Ufaransa, nchi inayopenda kulinda vyeti vyake, shule inaweza kuita masomo yake MBA bila dola kuyatambua; kinachotolewa kwa idhini ya dola kule ni daraja la masta, na si kila MBA inalo. Kwa hiyo kila shule ikaguliwe mara mbili. Kwanza kwa mamlaka ya vyuo ya nchi yake: Tanzania kuna TCU, Kenya kuna CUE, Zambia kuna HEA, Afrika Kusini kuna CHE na SAQA. Pili kwa mashirika matatu yanayopima shule za biashara duniani: AACSB ya Marekani, iliyoanza mwaka 1916, AMBA ya London, na EQUIS inayotolewa na EFMD ya Brussels. Shule yenye zote tatu huitwa yenye taji tatu. Barani kwetu ya Stellenbosch na ya Cape Town zimo. Kukosa taji hakumaanishi shule ni mbovu. Ila ikidai inalo, usiamini nembo iliyo kwenye ukurasa wake. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, andika jina la shule, uone kama linatoka. Ni kazi ya dakika tano, na dakika hizo tano mimi sikuzitoa.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko nembo. AMBA inadai kwamba anayeingia MBA awe amefanya kazi miaka 3 angalau. Sharti hilo lina maana kubwa, kwa sababu masomo haya yanafundishwa kwa visa vya makampuni halisi: mnapewa kisa, mnabishana, na nusu ya elimu inatoka kwa aliyekaa karibu nawe. Kama darasa zima limetoka chuoni jana, utabishana na watu ambao hawajawahi kukosana na msambazaji wala kusimama mbele ya wafanyakazi siku mshahara umechelewa.

Sasa turudi kwa swali nililomuuliza mdogo wangu.

Simama Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, asubuhi uhesabu malori. Shaba na kobalti yetu inashuka Zambia, mengine yanaelekea Durban, mengine Dar es Salaam, mengine Walvis Bay. Upande wa magharibi kuna reli ya Lobito. Vipuri, asidi, chokaa, unga wa mahindi, vyote vinapanda kwa barabara hizo hizo. Biashara yangu mimi iko juu ya barabara hiyo. Watu ninaobishana nao bei wako Kitwe, Johannesburg, Dar. Kwa hiyo safari ya pili nilichagua shule ya Afrika Kusini yenye MBA ya watu walio kazini: unabaki na kazi yako, kila baada ya wiki kadhaa unakwenda wiki moja darasani, na katikati mnasoma kwa mtandao. Darasani nilikaa na Mzambia wa mgodini, Mtanzania wa maghala, na bwana mmoja wa Durban anayetoa mizigo bandarini. Mwaka jana mzigo wetu ulikwama Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, siku tatu. Nilimwandikia yule bwana wa Durban usiku, akaomba picha ya karatasi za forodha, na kabla ya saa sita alikuwa ameona namba ya bidhaa iliyokosewa. Ada yangu ilirudi pale.

Lakini si kila mtu wa Lubumbashi anafanya kazi juu ya barabara ya kusini. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, yaani sheria zetu za makampuni ni sawa na za Abidjan, Dakar na Douala, na vitabu vya hesabu tunavifunga kwa kanuni zake, SYSCOHADA. Kule kusini nilifundishwa hesabu kwa IFRS, kanuni za kimataifa. Mimi msingi wa SYSCOHADA nilikuwa nao kutoka kazini, nikaweza kutembea na miguu miwili. Wewe unayetaka kuingia benki, au kabine ya ukaguzi, au unayefikiria kuhamia Kinshasa, shule ya Kifaransa inayofundisha hesabu na sheria za OHADA itakufaa kuliko jina kubwa la Kiingereza. Na wewe wa sutretansi, yaani unayefanya kazi za mkataba chini ya kampuni kubwa, ujue kwamba sheria ya Februari 2017 inaacha kazi hizo kwa kampuni ambazo hisa zake nyingi ni za Wakongo. Unahitaji kusoma namna ya kutafuta mtaji na kujibu zabuni zaidi ya namna ya kuongoza shirika la watu elfu kumi. Soma orodha ya masomo, somo moja moja, na kalamu mkononi.

Kama ndoto yako ni kufundisha Kasapa, yaani pale UNILU, MBA si njia yako. Tafuta masta ya utafiti inayokupeleka kwenye udaktari. Nimeona wawili waliogundua jambo hili wakiwa wamekwisha lipa.

Kuhusu lisansi yetu, hapa wengi wanajikwaa. Sisi wa mfumo wa zamani tulisoma graduwa miaka 3 na lisansi miaka 2, jumla 5. Wadogo zetu wa LMD (lisansi, masta, udaktari), mfumo mpya ulioanza kutumika nchini na mwaka wa masomo 2021-2022, wana lisansi ya miaka 3. Jina ni moja, uzito si mmoja. Ofisi ya ng'ambo ikiona neno hilo tu, inaweza kukuweka kwenye miaka 3 hata kama una 5. Afrika Kusini jambo hili lina makali: MBA iko ngazi ya 9 ya mfumo wao wa vyeti, na anayeingia anatakiwa awe na ngazi ya 8. Mwenye miaka 3 peke yake huambiwa apitie kwanza diploma ya juu ya mwaka mmoja. Mimi niliomba chuoni barua inayoeleza mfumo wa zamani mwaka kwa mwaka, nikaambatanisha mapointi yote, yaani karatasi za alama, kuanzia graduwa ya kwanza, yakatafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Barua ile ilinisaidia kuliko barua zote za kunisifu.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Harvard, waliofungua shule yao ya biashara mwaka 1908, ni miaka 2 na ada peke yake inazidi dola 70,000 kwa mwaka. INSEAD ya Fontainebleau ni miezi 10, na ufupi huo una faida yake, kwa sababu kila mwezi usio kazini ni mshahara uliouacha. Andika ada, nauli, viza, chumba, kisha andika pia mshahara utakaoukosa. Wengi wanasahau mstari huo wa mwisho. Bosi wako akikubali kulipa, soma karatasi atakayokupa kabla hujashukuru: kuna mikataba inayokufunga miaka, na ukitoka mapema unarudisha ada yote.

GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara, pia isikutishe bila sababu. Siku hizi ina sehemu tatu, inachukua saa 2 na dakika 15, na alama zake zinadumu miaka 5. Za IELTS zinadumu miaka 2 tu, kwa hiyo ufanye mtihani wa Kiingereza karibu na kuomba. Na shule nyingi za watu walio kazini hazidai GMAT kabisa.

Kama utasoma kwa mtandao, angalia saa. Lubumbashi na Johannesburg saa ni moja. Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo kipindi chao cha saa kumi na mbili jioni kwako ni saa kumi na moja, bado uko kazini au ndani ya taksibasi. Nunua betri na paneli kabla ya kununua kitabu. Nilifanya mtihani mmoja kwa mwanga wa simu na sitaki mwingine apitie hapo.

Mdogo wangu tulimaliza orodha yake karibu na wakati wa bukari (ugali). Zilibaki shule tatu. Nilimwambia aandikie kila moja aombe jina la mhitimu mmoja aliyerudi Kongo au Zambia, si aliyebaki London. Mbili zilijibu ndani ya wiki na kumpa watu wa kuzungumza nao. Ya tatu ilimtumia tena kijitabu cha picha. Jumatatu alikwenda Kasapa kuomba mapointi yake, akiwa na nakala za graduwa ya kwanza ndani ya bahasha, na bado anasubiri sahihi ya sekretari.