Maswali yenu ya mashine za kupasua kuni: kasi inatoka wapi?

Safari hii karibu maswali yote yanaenda upande mmoja, watu wanapasua kuni nyingi, mashine ya haidroliki (inayosukuma kabari kwa presha ya oili) wanayo, ila inawachelewesha na wanataka inayokwenda mbio zaidi. Nimechagua machache yanayogusa wengi, mengine nimeyafupisha.

Swali: Mashine yangu ni ya tani 20. Nataka kuchukua ya tani 35 ili nipasue haraka, nipo sahihi?

Hapana ndugu yangu, na hili linaniuma kweli manake watu wanatoa hela nyingi halafu wanaishia na mashine ya polepole kuliko ile waliyoiacha. Tani zinakwambia mashine inasukuma kwa nguvu gani tu, haziongelei kabisa inasukuma haraka kiasi gani. Nguvu ni presha ya oili ukizidisha na ukubwa wa uso wa pistoni, kwa hiyo mtengenezaji akitaka tani zaidi kwa presha ileile anaweka silinda nene, basi. Na silinda nene inameza oili.

Twende na hesabu. Silinda ya kipenyo cha sentimita 10 inayotembea sentimita 60 inajaa kwa lita 4.7 hivi. Pampu yako ikitoa lita 42 kwa dakika, ndo zile zinazoitwa za galoni 11, inaijaza kwa karibu sekunde 7. Sasa chukua pampu hiyohiyo uifunge kwenye silinda ya sentimita 12.7, urefu uleule, inataka lita 7.6 na sekunde zinafika karibu 11. Nguvu imeongezeka zaidi ya nusu, sawa, lakini kila ukipasua unasubiri sekunde 4 za ziada na hapo hata kurudi sijahesabu. Ukipasua mara 500 kwa siku hiyo ni zaidi ya nusu saa umesimama unaangalia chuma kinatembea.

Kabla hujanunua chochote funga geji ya presha kwenye laini ya oili, fanya kazi siku nzima kama kawaida, uwe unaitupia jicho. Magogo yenye nyuzi zilizonyooka utaona yanaachia sindano ikiwa bado chini sana. Kama haifiki juu isipokuwa mara mojamoja kwenye gogo la vifundo, tani unazo za kutosha, unachokosa ni lita kwa dakika.

Swali: Tangazo linasema mzunguko ni sekunde 8, niamini?

Uliza kwanza hizo 8 ni kwenda na kurudi au kwenda peke yake, wengine wanaandika kwenda tu. Alafu ujue ni sekunde za mashine ikitembea bila gogo.

Hapa inabidi nieleze pampu za hatua mbili manake ndo ziko kwenye mashine nyingi. Ndani kuna jozi mbili za gia, kubwa na ndogo. Kabari ikiwa inatembea hewani zote mbili zinasukuma oili kwa pamoja, inakwenda mbio. Ikigusa gogo presha inapanda, ikifika kiwango kilichosetiwa kwenye pampu, kwa kawaida bar 40 mpaka 60 hivi, jozi kubwa inaachiwa inazungusha oili bure kurudi kwenye tangi na ile ndogo inabaki kusukuma peke yake kwa presha kubwa. Mtiririko unashuka mpaka theluthi au robo. Utaisikia kwa masikio, injini inabadilisha sauti, inakuwa nzito, kabari inatambaa, gogo linalia likipasuka alafu ghafla kila kitu kinakimbia tena.

Ndo maana kuna kitu kimoja kinapingana kidogo na nilichosema juu, na nakisema kwa sababu ni kweli. Kama kuni zako karibu zote ni ngumu, nyuzi zimejisokota, vifundo kila mahali, silinda nene inaweza kuishinda nyembamba kwa kasi pia, manake kwenye presha ileile ya kubadilikia yenyewe inakuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo gogo linaachia pampu ikiwa bado kwenye hatua ya mbio. Silinda nyembamba kwenye gogo hilohilo ingeshatambaa. Kwa hiyo swali la kuanzia ni unapasua miti gani, la mashine linafuata.

Swali: Si naweza kubadilisha pampu tu niweke kubwa?

Unaweza ila pampu haiishi peke yake. Kwanza injini: ya galoni 11 inaridhika na hospawa 5 au 6, ya galoni 16 (lita 60 hivi kwa dakika) inataka karibu 8, ya galoni 22 ni kama 12. Injini ikiwa ndogo itazima kila gogo likikaza.

Alafu mipira ya oili, na hapa ndo mafundi wengi wanapopasahau. Silinda ikirudi, oili inayotoka nyuma ni nyingi kuliko ile pampu inayoingiza mbele, kwa sababu upande wa mbele rodi imechukua nafasi. Kwenye silinda ya sentimita 10 yenye rodi ya sentimita 5, pampu ikiingiza lita 60 kwa dakika nyuma zinatoka 80, na hizo 80 zote zinataka kupita kwenye valvu, mpira wa kurudishia na filta. Vikiwa vyembamba umenunua pampu kubwa ya kuchemshia oili. Mpira wa kunyonyea kutoka kwenye tangi ndo usifanye nao mchezo kabisa, ukiwa mwembamba au umejikunja pampu inanyonya kwa shida, inapiga kelele kama imemeza kokoto, na inakufa mapema. Tangi nalo liongezwe ili oili ipate muda wa kupoa.

Ukijumlisha pampu, injini, mipira, valvu na tangi, mara nyingi ni heri uuze uliyonayo ukachukue nyingine iliyopangwa vizuri tangu mwanzo. Sio mara zote, ila mara nyingi.

Swali: Na zile za flaiwili zisizo na haidroliki?

Kwa kuni zilizonyooka hazina mpinzani, magurudumu mazito yanazunguka yakihifadhi nguvu alafu yanaiachia kwa mpigo mmoja, sekunde 2 au 3 imeenda na kurudi. Kwenye gogo la vifundo inagota na inabidi urudie. Na kasi hiyo haikupi nafasi ya kutoa mkono, kama umezoea kurekebisha gogo kabari ikiwa inakuja, kaa mbali nayo.

Swali: Kabari ya njia nne inasaidia au ni mapambo?

Inasaidia sana dada yangu, mwendo mmoja unatoa vipande vinne badala ya viwili, hakuna pampu ya kukupa faida hiyo kwa bei hiyo. Ila inataka nguvu zaidi, kwa hiyo hapa tani zina kazi, na inataka gogo la saizi ya wastani. Jembamba utapata vijiti, nene sana litakwama katikati na kulitoa ni adhabu. Tafuta inayopanda na kushuka ili mahali makali yake yanapokutana pakae katikati ya gogo, na iwe inavuliwa haraka upate kabari ya kawaida kwa yale makubwa. Hayo makubwa usiyapige katikati, anza pembeni umege vipande kulizunguka mpaka ubaki na kiini.

Swali: Tuko wawili, mmoja anaweka gogo mwingine anashika leva, tunaenda mbio sana. Tuongeze nini?

Msiongeze kitu, acheni kwanza hiyo staili, nawaomba. Anayeshika leva anakisia mwenzake ameshatoa mkono, na siku atakayokisia vibaya kidole hakirudi. Leva ishikwe na yuleyule anayeweka gogo, peke yake, mwenzake alete magogo na kupanga kuni zilizopasuliwa. Mkifanya hivyo wala hampungui kasi. Na mkiona oili inatoka kama ukungu kwenye mpira msipapase kwa mkono kutafuta tundu, tumieni kipande cha boksi mashine ikiwa inafanya kazi mkiwa mmesimama mbali, manake oili ya presha hiyo inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, ndani kinaharibu, ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama hakiumi.

Swali: Sina hela ya mashine mpya. Kuna namna?

Ipo, na ni hii ningeanza nayo hata mwenye hela. Kama kuni zako ni za sentimita 40 na silinda inatembea 60, kila safari inarudi sentimita nyingi za bure. Usiiache irudi mpaka mwisho, rudisha leva katikati ili isimame ikiwa imerudi sentimita 45 hivi, au kama valvu inarudi yenyewe mwambie fundi akufungie kizuizi kwenye rodi. Umeokoa robo ya mwendo, kwenda na kurudi, bila kugusa pampu.

Alafu weka meza pembeni ya kabari, nusu iliyobaki ikae pale usiinamie chini kuiokota tena. Magogo yaletwe yawe usawa wa kiuno upande mmoja, kuni ziangukie upande wa pili, njia zisikatane. Washa simu uhesabu sekunde za gogo moja tangu ulishike mpaka ushike linalofuata, utaona zile za kuinama na kugeuka ni nyingi kuliko za silinda.