Sarafu za Kijerumani za babu: nizipeleke zikapimwe daraja?

Swali: Shikamoo mzee. Babu alipofariki tulikuta uvunguni mwa kitanda chake kopo la biskuti lenye sarafu za Wajerumani: rupia mbili za fedha, moja ya 1890 na moja ya 1905, sarafu za Heller 20 za mwaka 1916 kama kumi na mbili hivi, na moja ya rangi ya dhahabu yenye tembo, imeandikwa 15 Rupien. Ile ya 1890 ina tundu, bibi aliwahi kuivaa shingoni. Ya 1905 kaka yangu ameshaisugua kwa dawa ya meno, inang'aa kweli. Mnunuzi mmoja anasema hanunui mpaka zipimwe daraja na kampuni ya Marekani. Mwingine anataka nimlipe aniandikie cheti. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kabla ya yote, mwambie kaka yako aweke mswaki chini. Simcheki, maana hata mimi nilipoanza kazi hii niliisugua pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, kwa majivu na ndimu. Ikatoka nyekundu kama imepigwa jana, na thamani yake nikaimwaga pamoja na maji ya kuoshea. Wapimaji huijua sarafu iliyosuguliwa kwa kuigeuzageuza tu chini ya taa: mng'ao wa asili huzunguka na mwanga, uliosuguliwa hutulia pale pale na kuacha vijistari vya mikwaruzo.

Huyo wa cheti achana naye. Karatasi haijafungwa na sarafu; leo inakaa na hii, kesho na nyingine. Kampuni mbili zinazoaminiwa zaidi na wanunuzi ni PCGS, iliyoanza kupima mwaka 1986, na NGC ya 1987, zote za Marekani. Sarafu hutazamwa na zaidi ya mtu mmoja, nao hawaambiwi ni ya nani. Ikionekana halisi hupewa daraja kati ya 1 na 70, kwa kipimo alichokianzisha mtaalamu wa sarafu William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijachakaa mikononi mwa watu. Kisha hufungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lenye namba, na namba hiyo mnunuzi huitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Iliyosafishwa, iliyotobolewa au iliyochomelewa pete huthibitishwa kuwa ni halisi, ila hainyakui namba: huandikwa kasoro yake.

Sasa hesabu. Ukijumlisha ada, usafirishaji kwenda na kurudi na bima, sarafu moja itakutoa makumi ya dola, pengine zaidi, na ada hupanda kadiri thamani unayoitaja inavyopanda. Rupia ya kaka yako na ile yenye tundu hazitarudisha gharama. Zile za Heller 20 pia, kwa kawaida, kwa sababu zilipigwa kwa wingi. Zilitengenezwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pwani ilipozingirwa na Waingereza na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. (Na neno letu "hela" limetoka humo humo kwenye hilo kopo lenu.) Zitazame moja moja, lakini usidanganywe na taji lililofifia: mashine za Tabora zilipiga hovyo, na alama iliyofifia tangu kupigwa si uchakavu. Penye uchakavu, sehemu zilizoinuka huwa laini na zina rangi tofauti na mabonde yake. Ukipata moja ambayo bado ina ule mng'ao wa kwanza, iweke pembeni tuizungumze.

Kazi iko kwenye huyo tembo. Rupia 15 za Tabora zilipigwa mwaka huo huo wa 1916, na za bandia ni nyingi mno. Usilipe hata senti ya kuipima kabla hujaenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu. Bandia ya shaba ya njano yenye ukubwa ule ule itasoma gramu nne na kitu, hapo hadithi imekwisha. Ikiwa uzito uko sawa, weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ifunge sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe ikining'inia, isiguse kitako wala ubavu wa kikombe. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa dhahabu ya aina hii tarajia gramu 0.48 au karibu na hapo. Shaba ya njano yenye uzito huo itasoma 0.84. Ukitoa, usiifute kwa kusugua. Igusishe tu kwenye kitambaa laini ikauke.

Tazama na ukingo wake kwa kioo cha kukuzia. Mstari unaozunguka katikati kama mshono maana yake ilimiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa mashine.

Ikifeli, umeokoa ada. Ikipita, bado haijathibitika, kwa sababu bandia ya dhahabu halisi hupita vipimo vyote hivi, na hapo ndipo macho ya wale wapimaji yanapostahili malipo. Ipeleke hiyo peke yake, kupitia muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni husika, kwa bima, ukiwa umeshaipiga picha pande zote mbili na ukingo. Ulizia pia forodha kabla haijatoka nchini. Wakati unasubiri, usiiweke kwenye vifuko vya plastiki laini. Huchuja ute wa kijani unaokula sarafu. Bahasha ya karatasi kavu inatosha, na ishike kwa ukingo.

Ile yenye tundu mrudishie bibi, kama bado anaitaka.