Dola 60 za shemeji kila mwezi: ni faida au ni riba?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ninauza unga wa mahindi hapa Lubumbashi, soko la Kenya. Unga naufuata Kasumbalesa mara moja kwa mwezi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alinipa dola 1,000, akasema amewekeza kapitali kwangu na nitampa benefisi ya dola 60 kila mwezi. Nimempa miezi minane. Safari ya kwanza nilinunua mifuko 60 kwa dola 15 mmoja, nikauza kwa 18, nikapata 1,080. Leo hata mifuko 40 siwezi kununua. Mwezi uliopita mvua ililowesha mzigo njiani, naye bado anadai 60 zake. Je, hiyo ni faida au ni riba? Na zaka nitatoaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mama. Pole kwa mzigo wako. Nitaanza na maneno, maana shida yako imejificha ndani yake.

Benefisi ni faida. Kapitali ndiyo mtaji, na kwa Kiswahili twaiita pia rasilimali. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, raasul-maal, kichwa cha mali, na Mwenyezi Mungu amelitaja palepale anapokataza riba: "Na mkitubu, basi haki yenu ni rasilimali zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe" (Qur'ani 2:279). Hata hiyo kapitali ya Kifaransa imetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Basi mtaji ni kichwa, na wewe, mama, umekuwa ukikila bila kujua.

Tazama. Umesema ulipata 1,080. Hayo ni mauzo, siyo faida. Mifuko 60 kwa dola 15 ni 900. Hujaniandikia gari, wapakizi na ushuru wa soko. Tuseme vyote ni dola moja kwa mfuko, yaani 60. Gharama zako ni 960, na faida halisi inabaki 120. Katika hizo 120 shemeji anachukua 60. Nyumbani je? Tuseme unalisha watoto kutoka kwenye sanduku la biashara, dola 90 kwa mwezi. Jumla 150. Zile 30 zilizozidi zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kichwa. Mwezi unaofuata mifuko ni michache, faida nayo ni ndogo, lakini 60 za shemeji ziko palepale na watoto wanakula vilevile. Ndiyo maana mifuko inapungua, hata kabla ya hiyo mvua.

Na jambo moja la hapa kwetu: unauza kwa faranga, unanunua kwa dola. Hesabu kwa sarafu moja. Faranga ikishuka, unaweza kuhesabu noti nyingi ukadhani umepata faida, kumbe hazitoshi kurudisha mifuko ileile.

Sasa hukumu. Anayewekeza anakubali kuingia nawe katika faida na hasara. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema pato huendana na dhamana: anayetaka tunda la mali aibebe pia hatari yake. Yeye mwenyewe, kabla ya utume, alifanya biashara ya Sham kwa mali ya bibi Khadija. Huo ndio mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa mafungu waliyopatana mwanzoni, nusu kwa nusu au vinginevyo. Hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mtaji anapoteza mali na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Wanazuoni wamekubaliana kwamba kumtengea mmoja kiasi maalumu cha fedha kunaubatilisha mkataba huo.

Shemeji yako anataka 60 mvua inyeshe isinyeshe, na 1,000 yake ibaki salama. Huo ni mkopo, na nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikiitwa benefisi. Kuanzia leo usimpe tena.

Zile 480 ulizokwisha kumpa? Mimi namsihi azihesabu kuwa sehemu ya deni, zibaki 520. Simlazimishi, kwa kuwa alifanya bila kujua, na Mungu amesema aliyefikiwa na mawaidha akakoma, yaliyopita ni yake (2:275). Usimwite mla riba mbele ya watu. Alikuamini na fedha zake wakati wengine hawakukupa kitu. Mwite nyumbani, mume wako awepo, umwoneshe hesabu hii. Akitaka kubaki katika biashara, andikeni mudharaba mpya kwa mtaji uliopo leo, na mashahidi wawili. Akitaka fedha zake, mlipe kidogo kidogo, naye akupe muda (2:280).

Na uandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, 2:282, inahusu kuandika deni, dogo au kubwa. Nunua daftari la shule: upande mmoja yanayoingia, upande wa pili yanayotoka, na ukurasa wa peke yake kwa kila unachochukua kupeleka nyumbani. Huo ukurasa wa mwisho ndio utakaokuuma.

Zaka haihesabiwi kwenye faida peke yake. Mwaka ukitimia, thaminisha unga uliopo kwa bei ya siku hiyo, ongeza fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Mizani na meza haviingii. Ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa moja ya arubaini. Thamani ya dhahabu hiyo ni maelfu kadhaa ya dola, kwa hiyo kwa kipimo hicho bado hujafika. Wapo wanaopima kwa madini ya fedha (silva), gramu 595, ambayo ni chini sana. Ukilianza daftari, njoo nalo baada ya swala ya Alasiri, tuuhesabu mwezi wa kwanza pamoja.