Wimbo wa watawa na raga: majibu kwa wasomaji

Safu iliyopita ilizungumzia undugu wa namna ya kuimba uliopo kati ya nyimbo za Kigregoriani, zile za Kilatini za watawa wa Ulaya, na dhrupad, uimbaji wa kale wa kaskazini mwa India unaofuata raga, yaani mifumo ya Kihindi inayoongoza noti na mwenendo wa wimbo. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua haya.

Nani alimwiga mwenzake?

Hakuna ushahidi kwamba kuna aliyeiga. Wimbo wa Kigregoriani ulipata sura yake karne ya 8 na ya 9 katika milki ya Wafaranki, Ulaya magharibi, ukitokana na zaburi za makanisa ya kale zaidi. Dhrupad ilistawi Gwalior wakati wa Raja Man Singh Tomar (1486–1516), kisha mwimbaji Tansen akaipeleka kwenye baraza la mfalme Akbar. Kilichofanana ni malezi: wimbo ni ibada, sauti inakwenda peke yake bila noti nyingine za kupatana nayo, na mwanafunzi anaupokea kutoka kinywani mwa mwalimu kwa miaka mingi.

Mkutano wa kweli ulikuwapo, ila si pale watu wanapoutafuta. Wakristo wa Mtakatifu Thomas huko Kerala walipokea ibada ya Kisiriaki kutoka Mashariki ya Kati, pamoja na utaratibu wake wa mahadhi manane. Ulaya nayo ilikuwa na modi nane, yaani njia nane za kupanga noti za wimbo. Ukitaka kuwasikia jamaa wa modi hizo wakiimba katika ardhi ya raga, anzia Kerala.

Nikitafuta raga ya Bhairavi kwenye kinanda, napata noti zilezile za modi ya Frigia. Kwa hiyo raga ni skeli (ngazi ya noti) tu yenye jina lingine?

Kwenye kinanda uko sahihi. Piga vitufe vyeupe kuanzia mi hadi mi ya juu, umepata Frigia, na noti za msingi za Bhairavi ni hizohizo. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Chukua raga mbili, Bhupali na Deshkar. Zote zina noti tano, kwa majina ya Kihindi: sa, re, ga, pa, dha. Mpiga kinanda hataona tofauti. Lakini anayeimba Bhupali huizunguka ga, huiacha akairudia, na kwake ni raga ya jioni. Wa Deshkar huegemea dha, huku juu, naye huimba asubuhi. Ukiing'ang'ania dha ndani ya Bhupali, mwalimu atakusimamisha, maana umeshahamia raga nyingine.

Sasa sikiliza watawa. Modi ya 1 na ya 2 zote hutua kwenye re ya solfa. Hata hivyo, zaburi ya modi ya 1 husomwa kwenye noti la, na ya modi ya 2 kwenye fa. Noti ya kutua ni moja. Makao ya sauti ni mengine, na wimbo mzima unabadilika tabia. Kwangu mimi, huu ndio ufanano mkubwa kuliko wote, na unazidi kwa mbali ule wa kulinganisha skeli. Wapiga udi wa Unguja na Mombasa hawatashangaa, maana maqamu, modi ya muziki wa Kiarabu, nayo haijulikani kwa noti zake tu.

Kwaya yetu hujifunza kwa solfa. Je, sa re ga ma ndiyo solfa ya Wahindi?

Kazi ni ileile, asili ni tofauti. Noti saba za India zimo katika Natyashastra, kitabu cha kale cha Kihindi cha sanaa za maonyesho, kilichotangulia kwa karne nyingi solfa ya Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11. Guido aliokota ut, re, mi, fa, sol, la kutoka utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza huanza kila mmoja ngazi moja juu ya uliotangulia. Aliandika kwamba njia yake ingempata mwimbaji kamili kwa mwaka mmoja, au miwili kwa wingi, ilhali wengine walihangaika miaka kumi.

Sa haina kimo maalumu cha sauti. Mwimbaji huiweka panapomfaa. Do ya kwaya zenu ni hivyohivyo. Na mkono nao umo: waimbaji wa Samaveda, maandiko matakatifu ya Kihindu yanayoimbwa, hugusisha kidole gumba kwenye pingili za vidole kuonyesha noti, na walimu wa Ulaya walichora noti zote kwenye kiganja na pingili.

Katika rekodi za Hildegard, mtawa wa kike wa Ujerumani, nasikia mlio mmoja mrefu chini, kama wa tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi. Ndivyo alivyouandika?

Hapana. Miswada ya nyimbo za Hildegard von Bingen (1098–1179) ina mstari mmoja wa sauti, basi. Mlio ule huongezwa na waimbaji wa leo. Makanisa ya Kigiriki ndiyo yenye desturi hai ya kushika mlio wa chini, na huuita isoni. Upande wa Walatini, kinachokaribia zaidi ni kazi ya mtunzi Léonin, kanisa la Notre-Dame la Paris, karne ya 12: mmoja anashika noti ya wimbo wa zamani kwa muda mrefu sana, mwingine anapambapamba juu yake. Ila noti ile ya chini hatimaye husogea. Sa ya tanpura haisogei, na mimi naona safari za miziki hii miwili ziliachana hapo: Pérotin, mtunzi aliyemfuata Léonin, alifikisha sauti nne, India ikazidi kuichimba moja.

Sisi ni kwaya ya parokia. Tujaribu nini?

Besi washike do kwa irabu "a", wakipokezana pumzi ili mlio usikatike. Mmoja aimbe juu yake do, re, do, kisha aongeze mi, bila haraka na bila mapigo. Kila noti ingojewe hadi itulie. Zimeni kinanda, kwa sababu mi yake imetuniwa juu kidogo kuliko ile inayokaa sawasawa juu ya do, na masikio yenu yatavutwa huko.