Programu ya Sala, Matangazo ya Kamari na Mabati ya Kanisa

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili hapa Muyeye, Malindi, tumetengeneza programu ya simu yenye masomo ya kila siku, sala na nyimbo za ibada kwa Kiswahili. Tulikusudia kuwasaidia wanakwaya wenzetu tu, lakini sasa inatumiwa na watu wengi tusiowajua, na matangazo yaliyomo yanatuingizia fedha kila mwezi. Mchungaji wetu ametuomba tutumie fedha hizo kununulia mabati ya kanisa jipya. Mzee mmoja wa kanisa amepinga, akisema kwamba tunauza neno la Mungu na kwamba mengi ya matangazo hayo ni ya kamari. Juzi pia tumeandikiwa na kampuni inayotaka kununua taarifa za mahali walipo watumiaji wetu. Je, faida hii ni haki yetu? Na tukiitoa kanisani, itakuwa imetakasika?

Mwanakwaya, Malindi

JIBU

Ndugu Mwanakwaya, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kupokea fedha za kampuni hiyo, kwa sababu baada ya kuzipokea swali lako lingekuwa gumu zaidi.

Kuhusu ujira wenu sina shaka. Seremala anayetengeneza viti vya kanisa hulipwa, na fundi wa Lamu anayechonga mlango wa msikiti hulipwa pia, wala hakuna anayesema kwamba wameuza nyumba ya ibada. Katika Injili ya Luka, Bwana mwenyewe anasema kwamba mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake. Ni kweli kwamba katika Mathayo aliwaambia mitume kuwa wamepata bure, basi watoe bure. Lakini nyinyi hamkupata bure umeme, bando wala usiku mliokesha mkirekebisha makosa ya programu. Hakikisheni tu kwamba mna kibali cha kutumia tafsiri ya Biblia na nyimbo mlizoziweka humo, kwa kuwa kazi hizo nazo zina wenyewe.

Mzee wenu, hata hivyo, amegusa jambo zito, ingawa nadhani amelitaja kwa jina lisilo lake. Neno halikuuzwa. Anayeuzwa ni yule aliyefungua simu yake alfajiri ili asali. Matangazo hulipiwa kwa sababu kuna macho yanayoyatazama, na macho mliyoyakusanya nyinyi ni ya watu walio katika hali ya unyenyekevu: mama mwenye mtoto mgonjwa, kijana asiye na kazi, mtu aliyefiwa. Kumwekea kijana huyo tangazo la kamari chini ya Zaburi ni kumtega mahali alipokuja kutafuta hifadhi, naye huenda akadhani kwamba kilichowekwa pale kimeruhusiwa na waliomwandalia sala. Mifumo ya matangazo humpa mwenye programu nafasi ya kuzuia aina fulani za matangazo, kamari ikiwa miongoni mwake. Zuieni leo, hata kama mapato yatapungua sana.

Kuhusu kampuni inayotaka taarifa za mahali, jibu langu ni hapana, na ninalisema bila kusitasita. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, programu inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za sala na upande wa kibla, ilikuwa ikiipelekea kampuni iitwayo X-Mode taarifa za mahali walipo watumiaji wake, na kwamba taarifa za X-Mode ziliwafikia wakandarasi wa ulinzi na, kupitia kwao, jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi taarifa hizo, wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Lakini fikiria Mwislamu aliyewasha simu ili ajue aelekee wapi kusali, kisha akasikia habari hiyo. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, na programu yenu, kwa kuwa ni ya sala, inaitaja imani ya kila aliyeipakua hata kabla hajaandika chochote. Kumuuza mtu huyo pamoja na njia anazopita ni kuivunja amana aliyowapa.

Kuna njia nyingine za kujiendesha. YouVersion, programu ya Biblia iliyoanzishwa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, hutolewa bure na bila matangazo, ikiendeshwa kwa michango. Nyinyi hamna wafadhili wa kiasi hicho, najua. Lakini mnaweza kuweka malipo madogo ya hiari kwa M-Pesa, na kueleza wazi kiasi gani ni ujira wenu na kiasi gani kinakwenda kanisani.

Sasa mabati. Sadaka haiifui fedha. Kumbukumbu la Torati inakataza kuuleta ujira wa kahaba katika nyumba ya Bwana kwa nadhiri yoyote, na mimi sioni kwa nini fedha ya kamari ipate njia rahisi zaidi. Makanisa yenyewe yanalijua hili: Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa na kurudisha fedha alizozitoa Rais wa nchi katika parokia yake moja. Mwambieni mchungaji fedha zimetoka wapi, kisha mumwachie yeye na baraza la wazee waamue wakiwa wanajua. Nao wawaambie nyinyi zinakwenda wapi. Nilikuwa mtunza hazina wa kanisa kwa miaka kadhaa, na nimeona michango ya ujenzi ikitumwa kwenye namba ya simu ya mtu mmoja, mtu mwema kabisa, hadi ikawa hakuna awezaye kusema mabati ni mangapi na yako wapi. Dai namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, stakabadhi, na hesabu zinazosomwa mbele ya waumini. Sisi wa Malindi, baada ya maafa ya Shakahola mwaka 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa, hatuna tena sababu ya kuona haya kumuuliza mchungaji swali.

Fedha zilizokwisha kuingia kutokana na kamari, mimi nisingezipeleka kwenye paa. Ningetafuta nyumba ambayo kamari imeila karo ya watoto, na katika mtaa wowote wa mji huu haitachukua siku nzima kuipata, nikailipe shule moja kwa moja. Na yule mzee aliyewapinga, mwendeeni nyumbani kwake, mumweleze mlichokibadilisha, kisha mumwombe awe mmoja wa watakaokagua hesabu za programu yenu kila mwezi.